Ndege Zilizokuwa Zinaanguka Makusudi

Leo naomba mnivumilie, habari yangu ni ndefu kidogo, na inaanza na mtu aliyekimbia bure.

Mtu huyo ni babu yangu, mzaa mama. Miaka ya hamsini, akiwa kijana ambaye bado hajaoa, alipata kazi katika kambi kubwa ya ndege ya Kamina: kufagia hanga, kusukuma mapipa ya mafuta, kufuta vioo na viti. Uzeeni alihamia kwetu Katuba, na jioni umeme ukikatika ndiyo alikuwa anatusimulia wiki yake ya kwanza ya kazi.

"Nilikuwa pa kivuli, naangaria ndeke inapanda, inapanda. Halafu kelele inakufa. Inasimama kiloko, inaanguka! Inazunguka sawa jani. Nikatupa fagio, nikakimbia. Nikasema, muzungu amekufa. Kumbe hapana! Inafika chini, inaamuka, inapanda tena. Na kesho yake vile vile. Njo tukayua: bale bantu balikuwa banaangusha ndeke makusudi."

Sisi watoto tulicheka. Mimi binafsi nilidhani mzee anatia chumvi. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, diploma ya uhandisi, na kosa moja ambalo lingeniua juu ya Luano, ndipo nikaelewa alichokiona. Na nilipoelewa, historia ya nchi yetu nikaiona kwa jicho tofauti kidogo. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na swali la kitoto: ndege inaanguka kwa sababu gani? Watu wengi watajibu kwamba injini imezima. Si kweli. Ndege ndogo injini ikizima haianguki kama jiwe; inashuka taratibu kama mwewe aliyeacha kupiga mabawa, na rubani ana muda wa kutafuta shamba au barabara. Kinachoangusha ni bawa. Bawa linabeba ndege kwa sababu linaukata upepo kwa pembe ndogo. Ukivuta usukani, pua inapanda, pembe ile inakua, na bawa linabeba zaidi. Lakini kuna mpaka. Kwa mabawa mengi ya ndege ndogo, pembe ikifika nyuzi 15 au 16 hivi, hewa inayopita juu ya bawa haiwezi tena kulifuata. Inabanduka, inavurugika, na bawa linaacha kubeba. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa, na ndege ikaanguka.

Kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea, hali hiyo wanaiita dekroshaji, yaani kitu kuchomoka kwenye ndoano. Ni neno zuri. Mimi hapa nitasema bawa limeachia.

Ubaya wa kuachia ni kwamba dawa yake inapingana na mwili wa binadamu. Pua inapodondoka na ardhi inajaa kwenye kioo, mikono yako yote miwili inataka kuvuta usukani, kujinyanyua. Ukivuta, unazidisha pembe ileile iliyokuangusha. Dawa ni kusukuma mbele, kuelekea kulekule unakokuogopa, mpaka hewa ilishike bawa tena. Kitabuni ni mstari mmoja. Mwilini ni kitu kingine kabisa.

Binadamu walilipia somo hilo kwa damu. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa ya kitambaa na miti mara nyingi kuliko mtu yeyote kabla yake, aliangushwa tarehe 9 Agosti 1896: pua ilinyanyuka, bawa likaachia, akaanguka kutoka kimo cha kama mita 15, na kesho yake akafariki. Baada yake, kwa miaka kama ishirini, marubani walikuwa wanakufa kwa namna hiyo na wenzao hawakuwa na jibu. Bawa moja likiachia kabla ya lingine, ndege huanza kujizungusha kama keekee inayotoboa ubao, na wengi waliamini kwamba ukiingia humo ndiyo basi tena.

Agosti 1912 kule Uingereza, afisa mmoja kijana, Wilfred Parke, aliingia humo mbele ya watu wengi. Alijaribu kila alichokijua, ikashindikana. Karibu na ardhi akakanyaga pedali ya mkia upande wa pili wa mzunguko, kinyume na mazoea, na ndege ikatulia. Alitua, akaeleza kila kitu, watu wakaandika. Lakini maelezo ya mtu mmoja hayatoshi kufundisha jeshi. Ilipofika mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu, ndipo Robert Smith-Barry akaanzisha shule yake pale Gosport na kugeuza mambo. Kabla yake, mwanafunzi aliambiwa akae mbali na hatari. Smith-Barry akasema hapana: mwanafunzi na mwalimu wapande pamoja, ndege iwe na usukani pande zote mbili, na mwanafunzi apelekwe ndani ya hatari yenyewe, juu sana, makusudi, arudiarudie mpaka mikono yake izoee. Mwalimu alikuwa anamsemesha kwa mpira uliounganishwa na masikio yake.

Tangu hapo, shule zote za urubani zenye maana zimefuata njia hiyo. Hiyo ndiyo iliyomfanya babu yangu atupe fagio.

Sasa turudi Kamina. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Ubelgiji ilikuwa nchi ndogo iliyojaa mawingu, na ikiogopa vita nyingine Ulaya. Katanga ilikuwa na anga pana, kavu kwa miezi mingi ya mwaka, na mbali na adui. Wakajenga kambi kubwa si mbali na mji wa Kamina, na kuanzia mwaka 1953 mpaka 1960 shule yao ya juu ya urubani wa kijeshi ilikuwa hapo. Kijana wa Kibelgiji alianza kwao, kwenye ndege ndogo ya mabawa mawili-mawili iitwayo Stampe, halafu akaletwa Katanga kuendelea na Harvard.

Harvard ilikuwa ndege ya shule, lakini shule kali. Injini ya nguvu za farasi 600, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ilikuwa na sifa moja ambayo walimu waliipenda na wanafunzi waliiogopa: bawa lake linapoachia, haliachii kwa upole. Upande mmoja unadondoka ghafla, na mzembe anajikuta amepinduka. Ukiweza kuitawala Harvard, walisema, utaweza ndege nyingine.

Kwa hiyo kwa miaka saba, juu ya mbuga za Kamina, vijana wa nchi nyingine walikuwa wanapewa kitu cha thamani kuliko mafuta ya ndege. Walikuwa wanapewa ruhusa ya kukosea. Wanaanguka mita elfu kadhaa juu ya ardhi, mtu anayejua amekaa nyuma yao, na kosa linabaki somo. Na chini, kwenye kivuli cha hanga, walisimama vijana wa hapahapa na mafagio.

Chuo chetu cha hapa Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, wakati Harvard zikiendelea kuzunguka kule Kamina. Sihitaji kuwakumbusha wasomaji wa ukurasa huu hali ya elimu ilivyokuwa: uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Force Publique, jeshi la askari wapatao elfu 25, halikuwa na afisa mmoja mwenyeji. Jeshi lisilo na afisa mwenyeji lingepata wapi rubani mwenyeji?

Na angalia kilichofuata. Siku tano baada ya uhuru, askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza Katanga nchi yake. Mwezi huohuo Wabelgiji walifunga silaha kwenye baadhi ya zile Harvard za Kamina. Februari 1961, Katanga ikaletewa ndege tatu za jeti aina ya Fouga Magister, na waliozirusha hapa kwetu walikuwa Wabelgiji na mamluki wengine. Septemba mwaka huo, Fouga moja tu ndiyo iliyokuwa imebaki inaruka, na hiyo moja ilitosha kuwasumbua askari wa Umoja wa Mataifa, pamoja na Waairishi waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo. (Najua kuna mtu hapa ataniuliza habari za Hammarskjöld na Ndola. Hiyo ni mada yake yenyewe, leo siigusi.)

Kilichonishika mimi ni jambo dogo ambalo sijaona watu wakilitilia maanani. Harvard ni ndege ya shule. Fouga Magister nayo ilitengenezwa Ufaransa iwe ndege ya shule. Silaha mbili zilizotisha anga la Katanga wakati ule zilikuwa madarasa yenye mabawa. Madarasa yalikuwepo, walimu walikuwepo, anga lilikuwepo. Wanafunzi wa kwetu ndio hawakuwepo.

Halafu nchi ikatukabidhi usukani. Air Congo ilianzishwa mwaka 1961 kwa msaada wa Sabena, na Wakongomani wakaanza kutumwa ng'ambo kujifunza. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania walijenga chuo cha pamoja cha urubani pale Soroti, mwaka 1971, kilomita nyingi kutoka kwetu. Sisemi kwamba hiyo inaeleza kila ajali iliyotupata. Ningekuwa mwongo. Lakini nasema kuna tofauti kati ya mtu aliyekabidhiwa usukani baada ya kuanguka mara mia akiwa na mwalimu, na mtu anayeanguka mara ya kwanza akiwa peke yake na abiria nyuma.

Hili nalijua kwa mwili wangu, siyo kwa vitabu. Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka 2008 nilikuwa nimepata kazi yenye mshahara, na nikajiingiza katika kilabu kimoja kidogo cha ndege. Ndege yetu ilikuwa Cessna ya viti vinne, kuukuu lakini safi. Monitere wangu alikuwa mzee wa Kikongomani wa maneno machache, aliyejifunzia nje zamani. Alinifundisha kuachia bawa mapema: unapunguza gesi, unavuta taratibu, kile kifilimbi cha onyo kwenye bawa kinaanza kulia kama harmonika mbovu, ndege inatetemeka, pua inadondoka. Unasukuma, unatia gesi, unasawazisha kwa pedali, imekwisha. Juu, pua ikiwa imenyooka, si jambo la kutisha. Baada ya saa kumi nikajiona najua.

Alinifundisha pia kuteleza kwa ubavu, kile Wafaransa wanakiita glisadi. Unainamisha bawa moja, unakanyaga pedali ya upande wa pili, na ndege inashuka imekaa upande-upande, mwili wake wote unapambana na hewa. Inashuka haraka bila kuongeza kasi. Zile Stampe za Wabelgiji hazikuwa na flapu za kupunguza mwendo, kwa hiyo ukifika juu sana ya uwanja, ubavu ndio breki yako. Hata leo, kwenye viwanja vyetu vya vijijini, vifupi, miti mwanzoni na mbuzi katikati, rubani asiyejua kuteleza kwa ubavu ana shida. Na si kwa ndege ndogo tu. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani, na nahodha Robert Pearson, ambaye pia alikuwa anarusha ndege zisizo na injini, akaishusha kwa ubavu mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli. Watu wote 69 wakapona.

Niliupenda sana mtelezo huo. Nilidhani nimeelewa pedali. Kumbe nilikuwa nimeelewa nusu.

Ilikuwa Oktoba. Mnajua Oktoba ya Lubumbashi: jua limeiva, mvua ya kwanza inanung'unika mbali. Luano iko mita zipatazo 1,300 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko mita 2,100 au zaidi. Saa ya mwendo inaonyesha tarakimu zilezile ambazo ungeziona kwenye usawa wa bahari, lakini ndege kwa kweli inakwenda haraka zaidi kwa kama asilimia 11. Na duara la kugeuka linakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwa mwinamo uleule unahitaji nafasi zaidi, karibu robo nzima. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya usingizini, mimi mhandisi. Lakini angani sikuifanya.

Tulikuwa tunakuja kutua. Kona ya mwisho, ile inayokuelekeza kwenye njia ya kutulia, kimo kama mita 150. Upepo wa mvua ulikuwa umegeuka na unatusukuma kwa nyuma. Mbele kwa mbali naliona bomba refu la Gécamines na ule mlima mweusi. Kushoto, njia ya kutulia inanipita. Nimechelewa kugeuka.

Nifanye nini? Kuinamisha zaidi, naogopa, ardhi iko karibu. Walitufundisha kwamba mwinamo unakula mwendo: ndege inayoachia kwa kilomita 90 kwa saa ikiwa imenyooka, ikiinama nyuzi 45 inaachia kwenye 107, na ikiinama nyuzi 60 inaachia kwenye 127. Basi nikajifanya mwerevu. Sikuinamisha. Nilikanyaga pedali ya kushoto ili nisogeze pua tu, niirudishe kwenye mstari. Bawa la kulia likanyanyuka lenyewe, nami bila kufikiri nikalizuia kwa kupeleka usukani kulia. Pua ikalala kidogo. Nikavuta.

Wenye ujuzi wameshaona nilichokifanya. Hiyo siyo glisadi. Ni ndugu yake mbaya. Katika mtelezo wa ubavu, pedali inavuta nje ya kona, na bawa likiachia, mara nyingi huanza lile la juu. Ndege inarudi kuelekea usawa, unapata nafasi. Mimi nilikanyaga ndani ya kona. Bawa la kushoto lilikuwa chini, linakwenda polepole kuliko lenzake, na kibawa cha ncha yake nilikuwa nimekishusha mwenyewe kwa kuupeleka usukani kulia. Lile ndilo lingeachia kwanza. Ndege ingejipindua upande huohuo, tumbo juu, katika mita 150. Hakuna anayetoka humo. Na kifilimbi kilikuwa kimeanza kulia.

"Acha pedali! Ni yangu!" Mzee alisukuma usukani kwa kiganja, akakusanya gesi yote, akanyoosha mabawa. Tukapita juu ya uwanja bila kutua, kimya. Tulizunguka tena, akatua yeye.

Tulipozima injini hakunitukana. Alikaa kwenye nyasi, akavua kofia, akasema: "Leo ulitaka kutuzika siye wawili." Halafu, baada ya muda: "Kesho saa kumi na mbili na nusu. Usikunywe chai nyingi."

Kesho yake, asubuhi ya baridi, tulipanda mpaka mita 1,500 juu ya ardhi, tukatafuta anga tupu upande wa pori. Akaniambia: sasa rudia kosa la jana. Lilelile. Nilikataa. Akasema, "Kosea hapa. Hapa uko na nafasi."

Nikapunguza gesi, nikageuka kushoto, nikakanyaga pedali ya ndani, nikapeleka usukani kulia, nikavuta. Kifilimbi kikalia. Halafu bila taarifa, bila ule mtetemeko wa upole niliouzoea, bawa la kushoto likatoweka chini yangu. Nilikuwa naangalia miti kupitia kioo cha juu. Sijui nilipiga kelele gani. Mikono yangu ilivuta, kwa nguvu zote, na monitere akaigonga kwa ngumi: "Sukuma!" Nikasukuma. Pedali ya kulia. Dunia ikarudi mahali pake. Nilipoangalia saa ya kimo, tulikuwa tumepoteza zaidi ya mita 200. Jana tulikuwa na 150.

Tulifanya mara nne. Mara ya nne mikono yangu ilisukuma yenyewe kabla kichwa hakijasema kitu. Halafu akanifanyisha glisadi kushoto na kulia mpaka mguu wangu ukajua tofauti ya ndugu wale wawili. Tangu siku hiyo, kona ya mwisho ikinipita, sishindani nayo. Natia gesi, napanda, nazunguka tena. Naonekana mwoga. Sawa.

Jumapili iliyofuata nilimweleza babu. Wakati huo alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yalikuwa kamili. Nilimwonyesha kwa viganja jinsi ndege inavyopinduka. Akaniuliza swali moja tu.

"Na mwalimu, alikuwa wapi?"

"Pembeni yangu, babu."

"Njo ile. Mu Harvard alikuwa anakaa nyuma. Kile kiti cha nyuma nilikipanguza miaka sita. Sikukikalia hata siku moja." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja bei ya unga ya zamani.

Miaka mitatu baadaye tulimzika.

Nimelifikiria sana lile jibu lake. Tunapozungumza habari za ndege zetu, tunazungumza habari za mabati: ndege kuukuu, vipuri vya magendo, mizigo kupita kiasi. Ni kweli yote hayo. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kunyanyuka pale Ndolo, Kinshasa, ikaingia kwenye soko na kuua mamia ya watu. Tangu 2006 mashirika yetu yamo kwenye orodha nyeusi ya Ulaya. Lakini mabati yanaweza kununuliwa. Ile ruhusa ya kukosea juu ukiwa na mtu anayejua hainunuliwi kwa siku moja, na ikikosekana hata ndege mpya haitakuokoa. Tarehe 1 Juni 2009, Airbus ya Air France, ya kisasa kabisa, ilianguka katika Atlantiki ikiwa na watu 228. Vipima mwendo viliziba kwa barafu kwa muda mfupi, bawa likaachia, onyo likalia tena na tena, na rubani msaidizi akaendelea kuvuta. Marubani wale hawakuwa wamefundishwa kuachia bawa kwenye kimo kile. Yaani hata matajiri wakilegeza somo, wanalipa.

Na nadhani haliishii kwenye ndege. Wengi wetu hapa tunasimamia watu: maofisi, hospitali, mashule, machimbo. Tujiulize kama vijana walio chini yetu tunawapa nafasi ya kukosea wakati bado kuna kimo, sisi tukiwa pembeni na mkono karibu na usukani, au tunawaachia fagio kwa miaka sita halafu siku moja tunawakabidhi kila kitu na kushangaa wakipinduka.

Namalizia na ombi. Kuna wazee waliofanya kazi Kamina miaka ile: wafagiaji, wapishi, madereva, mafundi wasaidizi. Wamebaki wachache sana, na wanaoondoka wanaondoka na waliyoyaona. Vitabu vya kambi ile vimeandikwa na waliokuwa juu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa namna hiyo, au picha, au karatasi ya kazi, kaa naye jioni moja na kalamu. Muulize aliona nini alipoangalia juu. Mimi kwa babu nilichelewa. Sikuandika hata mwaka alioanza kazi. Msichelewe ninyi.